Huenda Akauya Papo: Lugha ya Kutunza Njia za Magari na Kambi katika Miteremko ya Mashariki ya Mlima Kenya

Ikisiri

Makala hii inachunguza nafasi ya lugha katika utunzaji wa njia za magari na mahali pa kupigia kambi kwenye ardhi ya umma. Mfano unaotumiwa ni miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya, juu ya mji wa Nkubu. Hoja kuu ni kwamba kanuni ya kutunza njia au kambi haitoshi kuwa sahihi kisheria; inapaswa pia kutamkwa kwa maneno yanayotaja kwa usahihi kinacholindwa, na iambatane na sababu yake. Makala inaonyesha kwamba Kiswahili kina msamiati na hekima ya kale vinavyofaa kazi hiyo, ila hazina hiyo haijatumiwa ipasavyo.

1. Utangulizi

Nkubu ni mji wa Imenti Kusini, ulio kwenye barabara kuu itokayo Meru kuelekea Chuka na Embu. Mtu akiupa mgongo mji huo na kupanda upande wa magharibi, hupita kwanza mashamba ya kahawa, kisha majani chai, kisha msitu mnene, kisha mianzi, na hatimaye hutokea katika nyika za baridi zenye nyasi ngumu zinazoota kwa mashungi. Juu zaidi kuna miamba na vilele: Batian wenye mita 5,199, Nelion, na Lenana wenye mita 4,985. Ameru huuita mlima huu Kirimaara.

Kutoka huko juu hushuka mito. Thingithu, Mutonga na Kathita ni baadhi ya mito inayopitia au kukaribia nchi ya Imenti kabla ya maji yake kuishia katika mto Tana. Kwa hiyo, linalotendwa kwenye nyika za juu halibaki huko. Tope la njia iliyochimbwa na magurudumu, majivu ya moto ulioachwa ukifuka, na uchafu wa kambi isiyo na choo, vyote vina mahali vinakoelekea, nako ni chini, kwenye mabomba na mifereji ya wakulima.

Wasomi wa mazingira wameandika mengi kuhusu mlima huu. Wanafunzi wa Kiswahili, kwa upande wao, wameelekea kuliacha suala hili mikononi mwa wengine, kana kwamba halihusiani na taaluma yao. Ilhali kila kanuni ni matini. Ina msemaji, ina msemewa, ina muktadha, na ina athari au haina. Makala hii inaitazama kanuni ya mlimani kwa jicho hilo. Sehemu ya pili inaeleza maana ya ardhi ya umma. Ya tatu inajadili njia za magari. Ya nne inajadili kambi. Ya tano inachanganua sarufi ya makatazo. Nayo ya sita inatoa mapendekezo.

2. Ardhi ya Umma: Mali au Amana?

Mbuga ya Kitaifa ya Mlima Kenya ilianzishwa mwaka 1949. Mwaka 1997 mlima uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Uchunguzi wa angani uliofanywa mwaka 1999 ulidhihirisha kiwango cha ukataji miti, uchomaji makaa na kilimo haramu katika msitu unaoizunguka mbuga, na mwaka uliofuata msitu huo ukatangazwa kuwa hifadhi ya kitaifa. Taasisi mbili ndizo zenye dhima kubwa hapa: Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), linalosimamia mbuga, na Shirika la Huduma za Misitu (KFS), linalohusika na msitu. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 na sheria ya misitu ya mwaka 2016 ndizo nguzo za kazi yao. Sheria ya misitu, aidha, inawapa wenyeji nafasi ya kushiriki kupitia vyama vya jamii vya misitu.

Juu ya sheria hizo kuna Katiba ya mwaka 2010. Ibara ya 62 inahesabu misitu ya serikali, mbuga za kitaifa na maeneo ya vyanzo vya maji kuwa ardhi ya umma, na inaeleza kwamba ardhi ya aina hiyo inashikiliwa na serikali ya kitaifa kwa niaba ya watu wa Kenya. Dhana inayobeba ibara hiyo ina neno lake la Kiswahili, tena la siku nyingi: amana. Mwenye kuwekewa amana si mwenye mali. Haruhusiwi kuitumia apendavyo, na siku ya kuidai mwenyewe, hairudishi ikiwa pungufu.

Hata hivyo, katika mazungumzo ya kila siku ardhi ya umma huitwa mara nyingi "ardhi ya serikali". Tofauti ya maneno haya mawili si ndogo. Anayeamini kwamba msitu ni wa serikali huuona kama mali ya mtu mwingine. Akipata mwanya huchukua fungu lake, na asipopata hujitenga nao. Anayeamini kwamba msitu ni amana hujiona kuwa miongoni mwa waliouweka.

Neno "mbuga" nalo lina matatizo yake. Maana yake ya asili ni uwanda mpana wa nyasi, ambako wanyama huonekana kwa mbali. Nchini Kenya neno hili limepanuliwa likawa jina la kila eneo lililotengwa kwa ajili ya wanyamapori, hata mlima wenye barafu. Mgeni anayeambiwa anakwenda mbugani huja na picha ya uwanda mkavu wenye nafasi ya kugeuza gari popote. Anapofika kwenye udongo mlaini wa Mlima Kenya, picha hiyo inamdanganya. Istilahi "hifadhi", inayotumiwa zaidi Tanzania, ina faida moja hapa, kwani inataja tendo la kuhifadhi na haisemi lolote kuhusu umbo la nchi.

3. Njia za Magari: Kutoka Alama hadi Korongo

Kusini mwa Nkubu, kwenye barabara ile ile ya Embu, kuna Chogoria, ambako huanza mojawapo ya njia mashuhuri za kupandia mlima. Njia ya Chogoria inahusishwa na Ernest Carr, ambaye katika miaka ya 1920 alijenga vibanda vya Urumandi na Top Hut kwa ajili ya wapandaji. Leo njia ya gari hupenya msituni na mianzini hadi lango la mbuga, na gari lenye nguvu huweza kusogea mbele zaidi, hadi mita zaidi ya 3,000 juu ya usawa wa bahari, karibu na Ziwa Ellis. Upande wa Katheri, karibu na mji wa Meru, kuna njia nyingine inayoelekea Ziwa Rutundu. Hizi si barabara za lami. Ni njia za udongo, na mvua zinapoanza hubadilika kabisa.

Ili kuelewa kwa nini gari halipaswi kutoka kwenye njia iliyowekwa, yafaa kufuata safari ya jozi moja ya magurudumu. Kiswahili kina maneno ya kutosha kuieleza hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza ni alama. Gari moja linapita juu ya nyasi zenye unyevu, linazilaza na kuushindilia udongo. Udongo ulioshindiliwa haunywi maji upesi kama ulivyokuwa. Hatua ya pili ni mfuo. Gari la pili na la tatu hufuata alama ile ile, nyasi hufa, na mistari miwili hubonyea. Mvua ikinyesha, maji hayana pa kwenda ila humo. Hatua ya tatu ni handaki. Maji yanayoteremka kwa kasi hubeba udongo na kuuchimba mfuo hadi tumbo la gari likwame. Dereva wa nne anapoona handaki, hulikwepa kwa kupita pembeni, na hapo alama mpya huanza. Ndiyo sababu njia moja ya nyikani huweza kugawika ikawa njia tatu au nne zinazokwenda sambamba, kila moja ikiwa na hadithi ile ile. Hatua ya nne ni korongo, ambalo tena halizibwi na mtu mmoja mwenye jembe.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika nyika za juu methali hii ina uzito wa pekee, kwa kuwa baridi huchelewesha ukuaji wa mimea. Jeraha ambalo katika mashamba ya Nkubu lingefunikwa na magugu kwa msimu mmoja, huko juu hubaki wazi kwa miaka mingi.

Tiba ya njia ya gari inajulikana na haihitaji miujiza. Njia iwe moja, nayo ionekane wazi. Maji yatolewe njiani kabla hayajapata kasi, kwa matuta ya kuyageuza, mitaro ya kando na makalvati. Sehemu zenye matope ziwekewe mawe ili dereva asipate kishawishi cha kukwepa. Njia ifungwe wakati udongo umelowa kupita kiasi. Upande wa mashariki wa mlima, ambao hupata mvua nyingi, una misimu miwili ya kuangaliwa, yaani mvua ndefu za Machi hadi Mei na mvua fupi za Oktoba hadi Desemba. Zaidi ya yote, pawe na mtu mwenye mamlaka ya kuifunga njia siku hiyo hiyo uharibifu unapoonekana.

Nchi nyingine zimepitia mjadala huu. Nchini Marekani, ambako sehemu kubwa ya ardhi ya umma iko wazi kwa matumizi mengi, Rais Richard Nixon alitoa amri mwezi Februari 1972 iliyozitaka taasisi zinazosimamia ardhi hiyo ziainishe mahali ambapo magari na pikipiki za nje ya barabara zinaruhusiwa na mahali ambapo haziruhusiwi. Vigezo vilikuwa kupunguza madhara kwa udongo, maji, mimea na wanyama, pamoja na kupunguza mgongano baina ya watumiaji. Mwaka 1977 Rais Jimmy Carter aliiongezea nguvu, akitaka eneo lifungwe mara moja inapobainika kwamba magari yanaliletea madhara makubwa. Kenya imechukua msimamo mkali zaidi katika mbuga zake: kanuni ya kawaida ni kwamba gari halitoki barabarani. Lakini kanuni kali bila kazi ya mitaro na mawe humweka dereva katika hali ambamo kuitii ni kukwama.

Isidhaniwe kwamba kila gari linalopita pasipo barabara ni adui wa msitu. Mashindano ya Rhino Charge, yaliyoanza mwaka 1989, huwapeleka madereva katika ardhi ngumu isiyo na njia ili kulichangia shirika la Rhino Ark, lililoundwa mwaka 1988. Mshindi si mwenye kasi. Ni yule anayevifikia vituo vyote kwa kusafiri umbali mfupi kuliko wenzake. Fedha hizo zilisaidia kujenga ua wa umeme kuizunguka milima ya Aberdare, uliokamilika mwaka 2009 ukiwa na urefu wa kilomita zipatazo 400, na kuanzia mwaka 2012 kazi kama hiyo ikaanza Mlima Kenya. Funzo lililopo ni kwamba mashindano hayo yana mipaka: mahali maalumu, siku maalumu, idadi inayojulikana na ridhaa ya wenyeji. Kinachoharibu nyika ni gari lisilo na mpaka.

4. Ago, Dago na Kambi

Kabla ya hema za nailoni, Waswahili walikuwa na maneno yao ya mahali pa kulala safarini. "Ago" ni mahali wasafiri wanapotua. "Dago" hutumika hasa kwa wavuvi wanaohamia ufuo mwingine kwa msimu. "Kambi" ndilo neno lililoenea zaidi leo. Maneno haya yote yana sifa moja: hayataji makazi. Mtu hupiga kambi na huvunja kambi. Hupiga hema na hung'oa hema. Katika vitenzi hivyo mna wazo kwamba kilichowekwa kitaondolewa.

Pwani kuna methali ya kale isemayo: mwacha ago hanyele, huenda akauya papo. Kitenzi cha kwanza kinataja haja kubwa bila kuiremba, na "kuuya" katika Kimvita ni kurudi. Kwa lugha ya leo: anayeondoka kambini haachi uchafu wake hapo, kwa maana huenda akarejea papo hapo. Kwa kawaida methali hii hufundishwa kama onyo la kutoharibu uhusiano na watu au mahali mtu anapohama. Hiyo ni maana yake ya kitamathali. Lakini maana yake ya wazi isidharauliwe. Ni kanuni ya kambi iliyokamilika, iliyotungwa na watu waliosafiri kwa miguu na mashua, karne nyingi kabla mashirika ya utalii hayajachapisha miongozo yao.

Yafaa kuuangalia muundo wa methali hiyo. Ina sehemu mbili: katazo na sababu. Katazo halitaji askari wala faini. Sababu inamgusa msafiri mwenyewe: uchafu ni wako, na mguu utakaoukanyaga huenda ukawa wako. Hapo ndipo palipo nguvu yake.

Hata hivyo, mlimani methali hii inahitaji kupanuliwa. Msafiri wa pwani alitarajia kurudi kwenye ago lile lile. Mgeni anayepanda Lenana huenda asirudi maishani. Kwake "huenda akauya papo" ni sababu dhaifu. Asiyerudi ni yeye. Maji, kwa upande wake, hayana hiari ya kutoshuka. Kambi iliyochafuliwa kando ya kijito cha juu inawafikia watu ambao hawakupanda mlima wala hawakualikwa kambini. Kwa hiyo sababu ya pili inaongezwa juu ya ile ya wahenga: ukiondoka usichafue, kwa kuwa aliye chini yako anakunywa.

Kutokana na sababu hizo mbili, kanuni za kambi hujipanga zenyewe. Hema lipigwe mahali palipokwisha kutumika, ili jeraha lisiongezeke. Choo kiwepo, kisipokuwepo, shimo lichimbwe kwa kina cha sentimita 15 hadi 20, angalau mita 60 kutoka kwenye maji. Vyombo visioshwe kijitoni. Taka zilizopandishwa zishushwe, yakiwemo maganda ya matunda, kwa sababu kwenye baridi ya nyikani hata vitu viozavyo huchelewa kuoza.

Moto unastahili aya yake. Nyika za Mlima Kenya hukauka sana katika miezi ya kiangazi, na udongo wake wenye mabaki mengi ya mimea huweza kufuka moto chini kwa chini baada ya miali kuonekana imezimika. Moto mkubwa ulitokea mlimani Machi 2012, na mwingine mapema mwaka 2019. Zamani wasafiri walikata mimea mikubwa ya senesio na kuifanya kuni. Mimea hiyo, iliyo mirefu kuliko mtu, hukua polepole mno. Usiku mmoja wa kuota moto uliteketeza umri wa mti mzima. Jiko la gesi au la mafuta ndilo linalofaa huko juu.

Ni haki pia kukumbuka kwamba historia ya kambi za mlima huu imeandikwa zaidi kwa majina ya wageni. Halford Mackinder alifika kilele cha Batian tarehe 13 Septemba 1899 pamoja na César Ollier na Joseph Brocherel. Msafara uliomwezesha ulikuwa na wapagazi wengi, wakiwemo Waswahili. Kambi zao zilipigwa na kuvunjwa kwa mikono ya watu waliozungumza lugha ambayo leo inasomwa vyuoni. Hadi sasa wapagazi, wapishi na waongozaji ndio wanaoamua, kila jioni, hema litakaa wapi na maji machafu yatamwagwa wapi. Wengi wao hufanya kazi hiyo kwa Kiswahili na kwa lugha zao za nyumbani.

5. Sarufi ya Makatazo

Zitazamwe sentensi tatu zilizotungwa kwa ajili ya uchanganuzi huu:

(a) Hairuhusiwi kuendesha gari nje ya barabara.
(b) Usiendeshe gari nje ya barabara.
(c) Gari lisitoke barabarani: mfuo wa leo ni korongo la kesho.

Sentensi (a) ina kitenzi cha kutendwa kisicho na mtenda. Nani asiyeruhusu? Haijulikani. Kwa nini? Haielezwi. Msomaji anaachwa akikisia kwamba kuna mwenye nguvu mahali fulani, na swali linalomjia si "je, ni vibaya?" bali "je, ananiona?" Sentensi (b) inamkabili msomaji moja kwa moja kwa nafsi ya pili. Ni wazi na ni fupi, lakini bado ni amri tupu. Sentensi (c) inatumia dhamira tegemezi. Kiima chake ni gari, hivyo dereva hashutumiwi kabla ya kukosa, na sehemu ya pili inatoa sababu kwa picha ambayo kila mkulima wa Imenti anaijua. Muundo wake ni ule ule wa methali ya ago: katazo, kisha sababu.

Haidaiwi kwamba sentensi (a) haina kazi. Katika matini ya kisheria ina mahali pake. Tatizo hutokea sajili ya sheria inapohamishwa nzima nzima hadi kwenye kibao cha njiani, mbele ya dereva wa gari la kukodi au kijana wa bodaboda aliyebeba mzigo. Sheria zilizotajwa katika sehemu ya pili zilitungwa kwa Kiingereza. Ibara ya 7 ya Katiba inaitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Kutoka kwenye sheria hadi kwenye kibao kuna safari ya tafsiri, na aghalabu sababu ndiyo mzigo wa kwanza kuangushwa njiani.

Kuna jambo zito zaidi ya ufasaha, nalo ni uadilifu. Wanaoishi kando ya msitu huingia humo kwa kibali: kuokota kuni, kulisha mifugo, kutafuta asali. Mama mwenye mzigo wa kuni kichwani anajua siku zake na mpaka wake. Akiona gari zito la watalii limekata nyika na kuacha mifuo miwili, halafu akasoma kibao kisemacho tu kwamba kitu fulani hakiruhusiwi, atakuwa na haki ya kuuliza katazo hilo limeandikiwa nani. Kanuni inayombana mwenye miguu na kumlegezea mwenye magurudumu haiheshimiwi na yeyote. Kinyume chake, kanuni inayotaja sababu huwapima wote kwa kipimo kimoja, kwa kuwa udongo hautofautishi gurudumu la mgeni na la mwenyeji. Inampa mama huyo pia uwezo wa kudai, kwa sababu anayejua sababu ya kanuni anaweza kumuuliza msimamizi kwa nini haikufuatwa.

Ameru wana mfano wa karibu. Baraza la wazee la Njuri Ncheke hujenga mamlaka yake juu ya neno linalosemwa na kusikilizwa barazani. Katazo linalotoka kwenye mjadala hutoka pamoja na hoja zake. Vyama vya jamii vya misitu vinaweza kufanya vivyo hivyo, kwa Kimeru pale panapofaa na kwa Kiswahili pale watu wa lugha mbalimbali wanapokutana.

6. Mapendekezo

Kutokana na mjadala huu, mambo manne yanapendekezwa kwa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili.

Kwanza, ikusanywe faharasa ndogo ya istilahi za njia na kambi. Pale lugha ina neno, litumiwe: alama, mfuo, handaki, korongo, ago, dago, ujia. Pale neno halijakubalika, kama kwa nyika za baridi zilizo juu ya mstari wa miti, pendekezo litolewe na kujadiliwa. "Nyika za mlimani" ni mwanzo mzuri, ila linahitaji kupimwa kwa watumiaji.

Pili, istilahi hizo zikusanywe kutoka kwa wazungumzaji walio kazini. Mpagazi, dereva na mchungaji wana majina ya matope, miinuko na vijito ambayo hayamo katika kamusi. Mwanafunzi aende kwao na daftari tupu.

Tatu, darasa la tafsiri lizitumie kanuni za mbuga na misitu kama matini ya mazoezi. Mwanafunzi apewe katazo moja, atafute sababu yake ya kimazingira, kisha aandike kibao chenye maneno yasiyozidi 15 kinachobeba vyote viwili. Zoezi hili ni gumu kuliko linavyoonekana, na linafundisha muhtasari, mtindo na ukweli kwa pamoja.

Nne, methali zifundishwe pamoja na mazingira yaliyozizaa. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba methali ya ago inahusu adabu tu amenyimwa nusu ya maarifa yake.

7. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba njia ya gari na kambi katika ardhi ya umma hutunzwa kwa mitaro, mawe, vyoo na askari, lakini pia kwa maneno. Neno "amana" humfanya mwananchi kuwa mwenye dhima. Mfululizo wa alama, mfuo, handaki na korongo humwonyesha dereva wakati ujao wa gurudumu lake. Methali ya ago hutoa kiolezo cha kanuni yenye sababu, na mito inayoshuka hadi Imenti hutoa sababu ya pili ambayo wahenga wa pwani hawakuhitaji kuitaja. Kanuni isiyo na sababu humngoja askari apite. Kanuni yenye sababu huenda na msafiri hadi mahali ambako hakuna anayemwona, na sehemu kubwa ya Mlima Kenya ni mahali pa namna hiyo. Kazi ya kuiandika kanuni hiyo kwa Kiswahili kilicho wazi inawahusu wasomi wa lugha hii kabla ya kumhusu mtu mwingine yeyote.